Sidi ya Kwanza

Baba Mkubwa hakupenda kumnyima mteja redio yake kwa sababu ya pesa. Ukisema huna, alikuuliza una nini. Ndiyo maana nyumba yetu ya kaunsili pale Kivumbini, hapa Nakuru, ilikuwa na saa ya ukutani isiyo na mshale wa dakika, viti vitatu visivyofanana, na kwa muda mfupi jogoo mmoja mkali ajabu. Na ndiyo maana siku moja mwaka 2003, nikiwa na miaka tisa, alirudi nyumbani na sidi ya Spider-Man ndani ya mfuko wa karatasi uliokuwa na harufu ya mandazi.

Sidi moja. Waliokulia wakati ule wanaelewa. Filamu ile ina saa mbili na dakika moja, na VCD moja ilibeba saa moja na robo au kidogo zaidi, kwa hiyo filamu ndefu zilikuja mbili mbili: sidi ya kwanza na sidi ya pili. Mteja alikuwa na ya kwanza. Ya pili, alisema, ilikuwa kwa shemeji yake Molo, angeileta wiki ijayo. Hatukumwona tena.

Deki tulikuwa nayo, iliyoachwa na mtu mwingine ambaye hakurudi kuichukua. Televisheni ilikuwa Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe. Hivyo Spider-Man wetu hakuwa na rangi. Alikuwa kijivu chepesi na kijivu kizito, na kwa wiki nzima tulibishana ile nguo ilikuwa rangi gani. Mimi niliapa ni kijani. Ubishi uliisha msichana wa jirani alipoletewa begi jipya la shule lenye picha yake. Nyekundu na buluu. Nakumbuka nililitazama begi lile njia nzima ya kwenda shule, nikilazimisha macho yangu yakumbuke zile rangi ili jioni niweze kuzipaka mwenyewe kichwani filamu ikianza.

Nakala yenyewe ilikuwa imerekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi wa sinema, nchi gani sijui. Chini kulikuwa na maandishi ya Kichina. Na pale buibui anapomwuma Peter Parker, kijana anayekuja kuwa Spider-Man, mkononi, ndani ya ile maabara ya chuo kikuu, kuna mtu aliyeinuka kwenye kiti chake ukumbini akapita mbele ya kamera. Kichwa na mabega, cheusi tititi, kutoka kulia kwenda kushoto. Tulimjua mtu yule kuliko waigizaji. Akikaribia kupita, chumba kizima kilipiga kelele, "Kaa chini, wewe!" Hata Mama Mkubwa, aliyesema hana muda na muvi, alisikika akilisema hilo kutoka jikoni.

Sidi ilikuwa na mikwaruzo. Ikifika kwenye mieleka ilikwama, picha ikagawanyika vipande vipande kama vigae, sauti ikawa kigugumizi. Baba Mkubwa alikuwa na dawa yake. Alipaka dawa ya meno kidogo kwenye ncha ya kidole, akasugua taratibu kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kama miale ya jua. "Usizungushe," aliniambia kila mara. "Ukizungusha unachora mkwaruzo mpya unaofuata njia ileile inayosomwa. Ukienda hivi, mkwaruzo unaikata njia mara moja tu, mashine inauruka." Kisha aliiosha kwa maji, akaikausha kwenye mwanga wa dirisha, akiigeuzageuza mpaka ukutani pakatokea upinde wa mvua mdogo. Nilikuwa nikiusubiri ule upinde kama sehemu ya filamu yenyewe. Zilikuwa rangi pekee tulizopata.

Januari ya mwaka huo elimu ya msingi ilikuwa imefanywa bure nchi nzima, na darasa letu likajaa mpaka tukakaa wanne dawati moja. Watoto ambao jana walikuwa wakibeba mizigo sokoni Wakulima leo walikuwa jirani zangu wa daftari. Wakajua kwamba kwetu kuna Spider-Man. Jumamosi alasiri sebule yetu ilikuwa na watoto kumi na tano, wengine dirishani kwa nje wakibebana kwa zamu. Mama Mkubwa hakumfukuza hata mmoja. Alichotaka ni miguu ioshwe bombani kabla ya kukanyaga sakafu yake.

Michezo iliyofuata kila mtoto wa kizazi changu anayo ya kwake, kwa hiyo sitaieleza yote. Vidole viwili vya katikati vinakunjwa mpaka viguse kiganja, mkono unanyooshwa, unasema "tshhh". Tulifungia nyuzi za kufuma kwenye mkono tukazirusha kwenye nyaya za kuanikia nguo. Na tuliwatafuta buibui. Nyuma ya vyoo vya ploti walikuwepo wengi, wenye miguu mirefu na myembamba, na kuna Jumapili moja mvulana mmoja alikaa na buibui kiganjani kwa muda mrefu sana akimsihi amwume.

Bibi, mama yake Baba Mkubwa na marehemu baba yangu, ndiye aliyetukuta. Alikuwa akitoka kwa jirani, buibui lake jeusi likiwa limechafuka vumbi chini, na alipotuuliza tunafanya nini tukamwambia tunamtaka buibui amwume mwenzetu awe shujaa. Hakucheka. Alituketisha pale pale kwenye kizingiti akatupa kile kisa anachokijua kila mtoto wa madrasa: Mtume na swahiba wake wamejificha pangoni, maadui wamefika mlangoni, na buibui ametanda utando wake mlangoni pa pango, maadui wakaona hapajaingia mtu, wakaondoka. "Huyu hahitaji kukuuma ndipo akusaidie," alisema. "Mrudishe alikokuwa." Tukamrudisha. Mimi nikabaki na hakika ya kitoto kwamba yule aliyebuni Spider-Man lazima naye alikuwa na bibi.

Baadaye nilijua kwamba walikuwa wawili, Stan Lee na mchoraji Steve Ditko, na kwamba walimtoa Spider-Man kwenye jarida la vibonzo mwaka 1962, akiwa ameumwa na buibui mwenye mionzi. Filamu ya Sam Raimi, iliyotoka Marekani tarehe 3 Mei 2002, ilimbadilisha buibui akawa wa kutengenezwa kwa vinasaba, na ule utando ukawa unatoka ndani ya mkono wa Peter mwenyewe badala ya kifaa alichokibuni. Mashabiki wa vibonzo walilalamika sana juu ya hilo. Sisi tusingelalamika. Kifaa tusingeweza kukinunua, lakini mkono kila mtu alikuwa nao.

Ila kilichonishika mimi hakikuwa utando.

Mwanzoni kabisa, kabla ya mambo makubwa, kuna mzee amesimama jikoni anabadilisha balbu. Anaitwa Ben. Amekuwa fundi mkuu wa umeme wa kiwanda miaka 35, na sasa wamempunguza kazi. Mke wake May yuko hapo na wasiwasi wake. Ni sehemu fupi, watoto wengi waliitumia kutafuta mahali pa kukaa. Lakini siku ya kwanza kabisa, Baba Mkubwa, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na bisibisi mkononi, aliinama karibu na televisheni akasema, "Huyo ni fundi."

Sisi tulikuwa tukimwita Mjomba Ben, kama kila mtu. Mama Mkubwa akauliza, kwani Ben ni ndugu wa mama yake Peter? Tukamwambia hapana, wote wawili ni akina Parker. "Basi si mjomba," akasema. "Mjomba ni wa upande wa mama. Huyo ni ndugu ya babake. Huyo ni baba mkubwa." Akarudi jikoni.

Sidhani alijua alichokisema kilitua wapi. Baba yangu alifariki mwaka 2000. Mimi ndiye niliyechukuliwa na ndugu yake, fundi, na mke wake, nikapewa kitanda kilichokuwa cha binamu zangu, na tangu siku hiyo nikatakiwa kuwaita kaka na dada. Watoto kumi na watano mle chumbani walimtazama mvulana anayepanda kuta. Mimi nilimtazama mvulana anayeishi kwa baba yake mkubwa.

Kwa hiyo ule mgogoro wa ndani ya gari ulinitesa. Peter amewadanganya kwamba anaenda maktaba, kumbe anaenda kupigana mieleka apate dola 3,000. Ben amemleta kwa gari, anataka kuzungumza naye, anasema anajua yeye si baba yake. Peter anamjibu aache basi kujifanya kuwa baba. Anashuka. Anapigana, analipwa dola 100 tu, na kwa hasira anamwachia mwizi apite. Akitoka nje anakuta watu wamezunguka, na Ben yuko chini, mbele ya maktaba alikokuja kumsubiri. Aliyempiga risasi ni mwizi yule yule.

Na sidi yetu iliendelea kidogo baada ya hapo, hadi pale Green Goblin, adui wa Spider-Man, anapoivamia sherehe ya mjini, angani kati ya maputo makubwa, ikaishia hapo. Skrini ya buluu, ambayo kwetu ilikuwa kijivu.

Miaka mingi filamu ile kwetu haikuwa na mwisho, ndiyo maana kila mtu alikuwa na wa kwake. Msichana wa begi alisema Peter anaoa. Mvulana wa Wakulima alisema Goblin anafungwa kamba za utando na kupelekwa kwa chifu. Mwisho wangu nilikuwa nikiusimulia kwa uhakika kiasi kwamba wengine waliamini nimeiona sidi ya pili mahali: kwamba Mzee Ben hakufa. Alipelekwa hospitali, akatolewa risasi, na Peter akakaa kando ya kitanda akamwambia alichotakiwa kumwambia.

Mwaka 2009 nilikuwa kidato cha pili. Baba Mkubwa alikuwa akinilipia tyusheni ya hesabu jioni, na mimi jioni zile nilikuwa kwenye kibanda cha video Bondeni, shilingi tano, mabenchi ya mbao, filamu za kigeni zilizosimuliwa na DJ Afro kwa Kiswahili na Sheng kwa namna inayomfanya stelingi aonekane ametoka mtaa wa pili. Kuna mtu aliniona. Baba Mkubwa alikuja kwa baiskeli, akafungua pazia la mlangoni, mwanga wa jioni ukaifuta picha yote kwenye skrini, na akaita jina langu mara moja.

Tulitembea. Yeye anasukuma baiskeli, mimi pembeni. Hakupaza sauti. Aliniambia idadi ya redio alizotengeneza ili kupata pesa ile, akizitaja moja moja, ya nani na ilikuwa na shida gani. Kama angenichapa ingekuwa rahisi kwangu. Nikamwambia, "Wewe si baba yangu. Acha kujifanya."

Maneno yalipotoka niliyatambua. Nilijua yametoka wapi na nilijua kinachofuata.

Hakujibu. Alinifikisha mlangoni, akafunga boksi la vifaa nyuma ya baiskeli, akamwambia Mama Mkubwa kuna mteja stima yake imeleta shida, akaondoka. Ulikuwa mwaka mmoja na kitu tu baada ya vurugu za uchaguzi za Januari 2008, ambazo Nakuru haikuzisahau, na giza likiingia watu hawakutembea ovyo. Saa mbili hajarudi. Saa nne hajarudi. Nilikuwa na miaka 15, najua vizuri tofauti ya filamu na maisha, na bado nilisimama kwenye dirisha gizani nikiwa na hakika kabisa kwamba yuko chini mahali fulani na watu wamemzunguka. Nilijaribu kuukumbuka mwisho wangu, ule wa hospitali, na ulikuwa umekauka kichwani.

Karibu na saa sita usiku nilisikia mnyororo wa baiskeli. Alikuwa anaisukuma. Nikajitupa kitandani, nikajifunika mpaka kichwani. Alipita mlangoni kwangu, akasimama kidogo, akaendelea.

Asubuhi alisema, "Kunywa chai, utachelewa." Nikanywa chai.

Hapo ndipo nimerudi mara nyingi kuliko mahali pengine popote pa maisha yangu. Peter hakupata nafasi. Alimkuta Ben ana pumzi ya kulitaja jina lake tu. Mimi nilipata asubuhi ile, na ya pili yake, na maelfu mengine. Nilirudi tyusheni. Nilifaulu, nikaenda chuo Njoro, nilianza kutuma pesa nyumbani kila mwezi bila kukosa, na nilijua kila nikibonyeza kutuma kwamba najaribu kulipa kwa shilingi kitu kinachodaiwa kwa maneno. Ukimya ukikaa sana unazoeleka, mnaujengea nyumba juu yake, mnakula na kuzungumza habari za mvua, na kuutoa kunaonekana kama kubomoa.

Huko chuo ndiko nilikoiona sidi ya pili kwa mara ya kwanza, kwenye kompyuta ya mwenzangu, picha safi, nyekundu ikiwa nyekundu. Buibui aliuma na hakuna mtu aliyepita, nikajikuta namngoja. Mwisho wenyewe ni makaburini: Mary Jane, msichana ambaye Peter amempenda filamu nzima, anamwambia anampenda, na Peter anakataa, anaondoka peke yake. Nilikaa kimya mwenzangu akidhani sijaipenda. Nilikuwa nimemngoja Mzee Ben aamke. Hata Cliff Robertson aliyemwigiza alikuwa ameshafariki, Septemba 2011.

Desemba 2021, mwezi ule Nakuru ilipotangazwa kuwa jiji, ilitoka filamu iliyomrudisha Tobey Maguire, yule aliyemwigiza Peter wetu, kwenye vazi lile pamoja na Spider-Man wengine wawili. Nilienda kuitazama Nairobi na kaka yangu, mtoto wa Baba Mkubwa, yule ambaye kitanda chake nilikichukua. Maguire alikuwa na miaka ya arobaini wakati ule, na mle ndani mgongo unamsumbua, anaongea polepole. Kuna pale Spider-Man kijana amejawa na uchungu anataka kumuua Goblin, na Maguire anaingia katikati, anamzuia kwa mikono yake, anamtazama tu bila kusema neno. Ukumbi ulishangilia alipotokea mara ya kwanza. Lakini pale alipomzuia kijana, kaka yangu alinishika mkono, na nilipogeuka alikuwa analia. Njiani kurudi, tukipita Naivasha, aliniuliza kama Mzee amewahi kuona sidi ya pili. Nikasema hajawahi.

Basi Idi ya Mei 2022, siku zilezile filamu ilipotimiza miaka 20, nilienda nyumbani na kompyuta nikaiunganisha na televisheni yao. Baba Mkubwa ana miaka 71 sasa. Macho yake hayawezi tena kulehemu vitu vidogo, lakini anapenda kukaa karibu na skrini kama anayetafuta hitilafu. Alipoona vazi alisema, "Kumbe nyekundu." Buibui alipouma, Mama Mkubwa akasema "Kaa chini," kwa sauti ndogo, kisha akauliza yule mtu yuko wapi. Ben aliposimama na balbu yake, Baba Mkubwa aliinama mbele.

"Huyo ni fundi."

Kisha likaja gari. Niliitazama sakafu. Nilimsikia Ben akisema lake na Peter akijibu lake, kwa Kiingereza ambacho Mzee hakifuati sana lakini anakielewa kuliko anavyokiri.

"Simamisha kidogo," akasema.

Nikasimamisha. Peter alikuwa ameshika mlango wa gari.

"Siku ile nilienda Free Area," akasema, bila kunitazama. "Mtu alikuwa ameunguza nyaya. Kurudi tairi ikatoboka, nikaisukuma baiskeli mpaka nyumbani. Nilikuona dirishani, mwanangu. Pazia lilikuwa linatikisika na hakukuwa na upepo."

Nikamwuliza mbona hakusema.

"Nilikungoja wewe."

Nikashuka kwenye kiti nikakaa chini karibu na miguu yake, mahali nilipokuwa nikikaa nikiwa na miaka tisa, nikamwambia. Sikuwa na maneno mengi, na baadhi yake hayakutoka vizuri. Aliweka mkono kichwani mwangu, mkono ule mgumu wenye alama za kuungua za chuma cha kulehemia, akauacha hapo mpaka nikamaliza. Mama Mkubwa alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sahani ya mahamri, hasogei.

"Haya," akasema Baba Mkubwa, "iendeleze. Miaka 19 nangoja sidi ya pili."